Nani Anamtoa Msichana Darasani? Historia ya Shule, Ndoa na Sheria Tanzania

Kusoma bila kuandika

Katika nyumba za kifalme za Unguja, mabinti wa Sayyid Said walifundishwa kusoma Kurani kama ndugu zao wa kiume. Kuandika walikatazwa. Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alichukua Kurani yake na mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi kwa siri hadi mkono ukazoea. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipokula njama ya kumwondoa kaka yao Majid kwenye kiti cha usultani, binti huyo wa miaka 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za siri za njama. Njama ilishindwa, lakini wale waliokataza kalamu walikuwa wamejua jambo moja: anayesoma hupokea maneno ya wengine, anayeandika hutuma yake.

Haikuwa hivyo kwa kila mwanamke wa pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake utendi ambao bado unasomwa leo. Bara nako msichana hakuachwa bila mafunzo. Unyago ulimfundisha mwili wake, adabu, uzazi na kuendesha nyumba, na alipotoka ndani jamii yote ilijua kwamba amekwisha kuwa mtu mzima. Elimu ile ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa ndoa. Nalisisitiza hilo mapema kwa sababu shule ilipokuja ilikuta kalenda tayari imepangwa, na kwa miaka mia moja na zaidi haikuthubutu kuigusa.

Shule ya kwanza ya wasichana iliyoacha alama ilikuwa Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba mwaka 1871. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa. Hawakuwa na baba wa kuwakatalia wala shangazi wa kudai mahari. Kuanzia mwaka 1877 Caroline Thackeray aliiongoza shule hiyo kwa robo karne. Baadhi ya wasichana wake wakawa walimu, wakaolewa na walimu wa misheni na kwenda nao bara. Shule ilianza kwa wale wasiokuwa na mtu, na ilichukua muda mrefu kabla baba mwenye nyumba yake hajaona sababu ya kumpeleka binti yake.

Makarani na wake zao, 1892 hadi 1945

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892 kwa sababu walihitaji makarani, wakalimani na maakida. Kazi hizo zilikuwa za wanaume, basi na madarasa yakawa ya wavulana. Wasichana waliachiwa misheni.

Waingereza walirithi mpango huo na kuongeza wazo jingine. Walianza kulalamika kwamba kijana aliyesoma Tabora anarudi kijijini kuoa mke asiyejua kusoma, na nyumba yake haiendani na cheo chake. Hapo ndipo elimu ya wasichana ilipopata mtetezi serikalini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafunguliwa shule ya bweni ya wasichana Tabora, na mwaka 1927 serikali ya Zanzibar ikafungua ya kwake Mji Mkongwe, kwanza kwa mabinti wa Kiarabu. Masomo yalionyesha nia: kusoma na kuhesabu kidogo, kushona, kupika, usafi na malezi ya mtoto. Mwanafunzi alikuwa anaandaliwa kuwa mke wa mtu ambaye tayari alikuwa na kazi.

Wazazi nao walikuwa na hesabu zao, nami sioni haki kuwaita wajinga. Binti alikuwa mikono ya kazi shambani na kisimani, na ndoa yake iliunganisha koo mbili. Shule ya bweni ilimpeleka mbali na macho ya mama kwa miaka, na ikimrudisha ameharibikiwa hakuna mmisionari aliyelipa fidia. Kilichowashawishi wazazi wa Uchagani na Buhaya mapema kuliko wengine kilikuwa kahawa, iliyoleta fedha ya ada, pamoja na ushindani wa makanisa uliosogeza shule karibu na nyumba. Mambo hayo mawili, ada na umbali, yatarudi tena na tena katika historia hii.

Mfumo wenyewe ulikuwa na mtego wake. Shule za vijijini ziliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea alifanya mtihani wa mchujo, akifaulu anakwenda shule nyingine, mara nyingi ya kulala. Msichana wa darasa la nne alikuwa na miaka 11 au 12, umri ambao familia nyingi zilianza kumtazama kama mwari. Wengi waliishia hapo, na kwenye vitabu vya serikali ikaandikwa kwamba wazazi hawana mwamko.

Mama wa TANU na shule za wasichana

Aliyewaamsha wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955 hakutoka katika shule za kifahari. Bibi Titi Mohamed alikuwa na miaka michache ya shule ya msingi na sauti iliyozoeleka kwenye ngoma za lelemama. Kupitia vikundi hivyo vya ngoma aliwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru, kabla wanaume wengi wenye ajira hawajathubutu, kwa kuwa mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga. Uhuru ulipofika mwaka 1961, nchi ilikuwa na deni kwa wanawake ambao wengi wao hawakuweza kuisoma kadi ya chama waliyoibeba.

Deni lililipwa polepole. Sekondari za wasichana zilikuwa za kuhesabika, nyingi mikononi mwa makanisa. Barbro Johansson, Msweden aliyeanzisha shule ya wasichana Kashasha, Bukoba, baada ya kufika nchini mwaka 1946, akawa mbunge, na katikati ya miaka ya 1960 akashika uongozi wa Tabora Girls. Kisha sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za misheni chini ya serikali. Wengi hukumbuka hatua hiyo kama pigo kwa makanisa. Kwa wasichana ilikuwa kupanuka kwa njia: binti wa Kiislamu kutoka Lindi au binti wa mkulima wa Shinyanga sasa aliweza kuchaguliwa kwenda shule iliyojengwa na masista Kilimanjaro au Morogoro. Chuo cha Marian cha Morogoro, alikosoma Gertrude Mongella wa Ukerewe, kikawa Kilakala. Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru, ambayo Mama Maria Kamm aliiongoza kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia 1970. Waliopita Weruweru hukumbuka shamba, usafi na ukali wa nidhamu. Walitoka humo wakiwa na uhakika kwamba hakuna ofisi wasiyoweza kuikalia. Mwaka 1975 Julie Manning na Tabitha Siwale wakawa mawaziri wa kwanza wanawake.

Hao walikuwa wachache mno. Kwa kila msichana aliyevaa sare ya Weruweru, maelfu walikuwa bado hawajafika darasa la kwanza.

Sheria mbili zinakutana, 1971 hadi 1978

Naomba msomaji akae nami hapa kidogo, maana fundo lililoisumbua nchi kwa nusu karne lilifungwa katika miaka hii, na lilifungwa na watu wenye nia njema.

Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kimaendeleo. Iliunganisha ndoa za kimila, za kidini na za serikali chini ya paa moja, ikadai ridhaa ya anayeolewa, ikampa mke haki ya kugawana mali waliyochuma pamoja. Kwa umri iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama iliweza kuruhusu ndoa hata kwa miaka 14. Mahali ambapo mila haikuwa na umri wowote ulioandikwa, 15 ilionekana kuwa kinga.

Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mpango uliotokana na azimio lile, uliojulikana kwa herufi tatu za UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ulitekelezwa kwa kasi ambayo Afrika ilikuwa haijaiona. Vijiji vya ujamaa viliwaweka watu karibu na shule. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Wanafunzi wa msingi waliokuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974 walivuka milioni 3 kabla ya muongo kwisha. Mjumbe wa nyumba kumi aliweza kumfuata baba aliyemficha binti yake. Katikati ya miaka ya 1980 karibu nusu ya watoto wa shule za msingi walikuwa wasichana. Tuyaheshimu mafanikio hayo: mama zetu wengi waliweza kusoma barua zao wenyewe kwa sababu ya mkutano ule wa Musoma.

Lakini fedha zote zilikwenda msingi. Sekondari zilibaki chache kiasi kwamba asilimia ndogo tu ya waliomaliza darasa la saba walipata nafasi. Sasa fanya hesabu. Msichana anaanza darasa la kwanza na miaka 7. Anamaliza la saba na 14. Nafasi ya kidato cha kwanza haipo. Mwaka unaofuata ana 15, na sheria ya nchi inasema anaweza kuolewa. Hakuna aliyekaa kuipanga Sheria ya Ndoa na mpango wa UPE vifuatane hivyo, lakini vilifuatana, na shule ya msingi ikawa chumba cha kungojea harusi. Yapo maeneo ambako mzazi alimwambia binti yake akaandike majibu ya makosa kwa makusudi kwenye mtihani wa darasa la saba, ili jina lisitoke kwenye orodha ya waliochaguliwa na mahari isicheleweshwe.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ililazimisha watoto kuandikishwa na kuhudhuria. Juu ya msichana anayepata mimba akiwa mwanafunzi haikusema kitu, na desturi iliyorithiwa kutoka mabweni ya misheni ikaendelea: anafukuzwa. Mwalimu aliona tumbo, mzazi aliitwa, godoro lilifungwa. Aliyempa mimba, akiwa mwanafunzi mwenzake, aliendelea na masomo. Akiwa mwalimu, mara nyingi alihamishwa.

Ada zinarudi

Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa mazao ya biashara viliimaliza hazina. Katikati ya miaka ya 1980 michango na ada za shule, zilizokuwa zimefutwa, zilirudi, na masharti ya mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 yakazikaza. Uandikishaji uliokuwa umekaribia asilimia 100 ukashuka hadi chini ya 80 katika miaka ya 1990. Familia yenye watoto wanne na fedha ya wawili ilijua wa kumbakiza nyumbani. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, mwaka 1995 Gertrude Mongella akaongoza mkutano wa wanawake wa Beijing, na mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria kali ya makosa ya kujamiiana iliyokataza pia ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18. Hata hivyo sheria hiyo ilimwacha nje ya ulinzi wa kosa la ubakaji binti wa miaka 15 aliyekwisha kuolewa. Cheti cha ndoa kilibadilisha kosa kuwa unyumba.

Shule za kata na barabara ndefu, 2002 hadi 2015

Januari 2002 ada za msingi zikafutwa tena. Wanafunzi waliokuwa milioni 4 na ushei mwaka 2000 wakazidi milioni 7 mwaka 2004. Safari hii serikali haikurudia kosa la kuisahau sekondari. Mpango ulioanza mwaka 2004, uliosukumwa kwa nguvu na Waziri Mkuu Edward Lowassa kuanzia 2006, ulitaka kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walibeba mawe, mchanga na matofali. Wanafunzi wa sekondari walitoka kama 430,000 mwaka 2004 hadi zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2010. Shule za kata zilichekwa sana kwa uhaba wa walimu na maabara. Mimi siwezi kuzicheka. Bila hizo, binti wa darasa la saba wa Kishapu au Tandahimba angebaki pale pale alipoachwa mwaka 1977.

Tatizo lilikuwa kwamba nyingi zilikuwa za kutwa, na kata ya Tanzania inaweza kuwa pana sana. Msichana wa miaka 14 alitoka alfajiri na kurudi jioni kwa miguu, au alipanga chumba karibu na shule akajipikia mwenyewe. Huko njiani alikuwepo wa bodaboda aliyempa lifti, mwenye duka aliyempa chipsi na vocha, mwalimu aliyempa alama. Kuanzia mwaka 2008 matangazo ya redio yaliwabandika wanaume wazima wa namna hiyo jina la fataki, na nchi nzima ikalichukua. Takwimu za afya za 2015 na 2016 zilionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito.

Na mwaka ule ule wa 2002 uliofuta ada, zilitoka kanuni za kuwafukuza wanafunzi. Zilitaja makosa mawili yaliyomlenga msichana zaidi ya mwingine: kosa dhidi ya maadili, na kuingia katika ndoa. Mimba haikutajwa kwa jina, lakini wakuu wa shule waliisoma ndani ya neno maadili, hata kama aliyeipata alikuwa amebakwa. Upimaji wa mimba ukaenea. Wasichana walipangwa mstari, wakabonyezwa tumbo na muuguzi au mwalimu wa kike, wakapelekwa kukojoa ndani ya kikopo. Ripoti ya wanasheria wa haki za uzazi ya mwaka 2013 ilieleza kwamba zaidi ya wasichana 55,000 walikuwa wamefukuzwa katika muongo uliotangulia. Zanzibar, yenye wizara yake ya elimu, ilikuwa imekwisha kuamua vingine na kuwaruhusu wazazi wadogo kurudi. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994.

Mahakama inasema moja, jukwaa jingine

Mwaka 2016 ulianza kwa neema. Elimu bila ada ilipanuliwa hadi kidato cha nne. Kisha sheria ya elimu ikarekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Na tarehe 8 Julai Mahakama Kuu ikatoa hukumu katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana aliyepinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa. Mahakama ilikubali kwamba kumruhusu msichana aolewe na miaka 15 huku mvulana akingojea 18 ni ubaguzi unaokwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha.

Serikali ilikata rufaa. Hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba umri mdogo wa ndoa humlinda msichana anayepata mimba nje ya ndoa. Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi kichwani, kwa sababu imebeba historia yote hii: binti anatolewa darasani kwa kuwa ana mimba, na ndoa inaletwa kama hifadhi ya aliyetolewa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo.

Katikati ya hukumu hizo mbili, tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli alisimama kwenye mkutano wa hadhara Chalinze na kutangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Kauli ya jukwaani ikawa na nguvu kuliko kanuni. Wakuu wa shule waliokuwa wakifumba macho na kumpokea binti kimyakimya waliacha. Mashirika yaliyokuwa yakiwatetea wasichana hao yakaonywa. Adhabu ya miaka 30 nayo ilizaa jambo ambalo watunga sheria hawakulitazamia: mkosaji akiwa jirani au ndugu, familia mbili zilikaa, zikamalizana kwa ng'ombe au fedha, na binti akaelekezwa asimtaje mtu. Kesi zilikufa kwa kukosa shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa amekwisha kufukuzwa shule.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilisimamisha mkopo wa elimu ya sekondari, mvutano ukaendelea hadi Machi 2020 ulipoidhinishwa mkopo wa dola milioni 500 ukiwa na njia mbadala ya masomo nje ya shule za kawaida. Yaani binti angeweza kusoma, ila asikae na wenzake.

Waraka wa Novemba 2021

Magufuli alifariki Machi 2021. Tarehe 24 Novemba mwaka huo Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu yoyote, ikiwemo mimba, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ukafuata, ukitoa muda wa miaka miwili wa kurejea. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za mtoto ilitoa uamuzi kwamba upimaji wa lazima na ufukuzaji ulikiuka haki za wasichana wa Tanzania. Ada za kidato cha tano na sita zikafutwa, na ujenzi wa sekondari za bweni za wasichana kwa masomo ya sayansi ukaanza mikoani.

Wapo waliorudi. Kurudi kwenyewe ni kazi nzito. Kichanga kinahitaji bibi wa kukilea mchana, na bibi huyo naye ana shamba lake. Miaka miwili huisha haraka kwa binti ambaye mwaka wa kwanza ananyonyesha na wa pili anatafuta fedha ya sare. Wazazi wengine, wakiwa wamekwisha kupokea mahari, hawaoni sababu ya kumrudisha.

Zaidi ya hayo, waraka ni barua ya utawala. Uliandikwa na ofisi, na ofisi nyingine inaweza kuufuta kwa barua fupi zaidi, kama kauli ya Chalinze ilivyobadilisha maisha ya watu bila kupita Bungeni. Na vifungu vya 13 na 17, miaka minne baada ya Mahakama ya Rufani kutoa hukumu yake, Bunge lilikuwa bado halijavirekebisha. Nataka mambo mawili yaandikwe ndani ya sheria zenyewe, kwa maneno yasiyohitaji tafsiri ya mkuu wa shule: miaka 18 ya ndoa kwa wote, na haki ya mwanafunzi aliyejifungua kurudi kwenye darasa lake.